Nyumba ya Bi Baldramina na Shemeji Ambaye Hakusihiwa

Saa saba mchana, nyumba ya Bi Baldramina Oyarzo imekaa ufukweni Llinquil, nusu kwenye kokoto, nusu kwenye tope lililoachwa na maji. Ni nyumba nzima, na paa lake la bati, na kuta zake za vigae vya mbao vilivyopauka kwa mvua, na bomba la moshi lililofungwa gunia juu. Asubuhi imevuka mlango wa bahari ikielea, imefungiwa mapipa matupu ubavuni, ikivutwa na mashua mbili. Sasa imebakiza kama mita mia moja tu za kupanda hadi kwenye kiwanja chake kipya.

Mbele yake wamesimama maksai, jozi baada ya jozi, shingo zimeinama chini ya nira. Rosamel Nahuelquín, mwenye umri wa miaka sitini na mmoja, anatembea pembeni yao akiwa na ufito mrefu mkononi. Anainua mkono. Watu waliojaa ufukweni wananyamaza, hata wale ambao wamekwisha kuionja pombe ya tufaha.

“Haya, Kanali. Haya, Padri. Pamoja, wanangu. Vuta.”

Kamba zinakaza hadi zinalia. Nyumba inatikisika, inasogea kidogo, kisha inagota kwenye ukingo wa mawe na kugoma. Maksai wawili wa mbele wanapiga magoti. Rosamel anashusha mkono haraka kabla kamba haijakatika.

Ni mara ya tatu kugoma, na kamba moja imekwisha kukatika. Vijana wanatazamana. Mmoja anasema labda nyumba ya Bi Baldramina haikutaka kuhama, na mama yake anamtwanga kofi la bega.

Utani haudumu, kwa sababu kila mtu hapa visiwani Chiloé anaujua uzito wa jambo lenyewe. Maji ya asubuhi yalikuwa ya bamvua, ndiyo maana nyumba imeweza kufikishwa juu kiasi hicho. Jioni maji yatarudi tena, makubwa vilevile, na tangu adhuhuri upepo umegeuka, unavuma kutoka kaskazini. Upepo wa kaskazini kwetu hauleti salamu. Mapipa yamekwisha kufunguliwa na sakafu imeanza kuachana upande mmoja, kwa hiyo nyumba haitaelea tena. Ikikutwa chini ya ukingo ule, mawimbi yataipigapiga juu ya mawe hadi ibaki mbao za kuwashia moto.

Bi Baldramina, mjane wa miaka sabini na minne, ameketi juu ya ukingo kwenye kiti chake mwenyewe kilichotolewa ndani ya nyumba. Miguu yake imevimba na imefungwa vitambaa vya sufu. Hakulia wala hakulalamika. Mwandishi alipomkaribia, aliendelea kuitazama nyumba.

“Nilizaliwa mle ndani,” alisema. “Wanangu wanne nikawazalia mle. Mume wangu akafia mle, chumba cha kushoto. Ikivunjika leo, mimi sina pa kuzeekea.”

Alikuwa akiishi katika kisiwa kidogo cha Pulao, ng'ambo ya mlango wa bahari, ambako zimebaki familia mbili. Shule ilifungwa zamani. Mashua ya muuguzi hupita mara moja kwa wiki, na hiyo ni kama bahari ikiruhusu. Binti yake anayeishi Llinquil alimwambia aje akae naye, mama akakataa katakata.

“Nyumba ya mwanangu ni ya mwanangu,” alieleza. “Nikikaa kwake, nitaomba ruhusa hata ya kuchemsha maji. Nikasema, sawa, nitakuja, lakini nitakuja na jiko langu na kuta zangu.”

Ndipo alipoitwa Rosamel.

Rosamel alizaliwa Llinquil na hajawahi kuwa na kazi nyingine ya kudumu zaidi ya kuendesha maksai. Alipokuwa kijana alikwenda upande wa Argentina kukata manyoya ya kondoo, kama walivyokwenda vijana wengi wa hapa, akarudi na koti zuri na mgongo mbovu. Baba yake alimwachia jozi moja ya maksai na shamba la viazi. Kanali na Padri, alionao sasa, ni jozi ya tano tangu hapo.

Huwalimia watu mashamba ya viazi, huburuta kuni, hubeba mwani kutoka ufukweni. Siku moja ya kulima humpa peso elfu arobaini, na siku za kulima si nyingi. Majira ya mvua hakuna kazi, na mvua ya kwetu haijui kuondoka.

“Watu huuliza kwa nini sinunui trekta,” anasema. “Trekta hainisikii nikiiambia pole.”

Kazi iliyomjengea jina, hata hivyo, haimpi peso hata moja. Ni kuhamisha nyumba. Amekwisha kuhamisha nyumba thelathini na kitu, shule moja, na kanisa dogo ambalo sanamu ya mtakatifu wake iliachwa ndani safari nzima kwa sababu waumini hawakukubaliana nani aibebe. Mwenye nyumba hutoa chakula na kinywaji, majirani hutoa nguvu na maksai, basi. Sisi tunaiita minga, na ni ujima kamili, haununuliwi.

Ila ujima huo una mlango wake wa kuingilia, na mlango huo ni neno moja. Mtu haalikwi kwenye minga, wala haajiriwi. Husihiwa.

Mwenye shida hutembea nyumba kwa nyumba kwa miguu yake. Hapigi simu, hatumi mtoto. Akifika hukaribishwa, huketi, hunywa anachopewa, huzungumza habari za mvua na viazi. Kisha husimama, huvua kofia kama anayo, na kusema: nimekuja kukusihi. Hutaja kazi, hutaja siku, hutaja anachokiomba, iwe ni mikono miwili au jozi ya maksai. Anayesihiwa naye husimama na kujibu. Akishakubali, hata awe na homa atakuja.

Aliyesihiwa hukaa mbele wakati wa kula, na siku akipata shida yake ana haki ya kusihi naye. Anayekuja bila kusihiwa ni mtazamaji tu, na akigusa sahani huitwa mdoezi. Hapa kwetu mtu anaweza kuvumilia kuitwa mlevi, lakini mdoezi ni tusi la kuzikwa nalo.

Kwa kuwa magoti ya Bi Baldramina hayawezi vilima, alimkabidhi Rosamel kazi hiyo. Alimwambia: “Nenda ukasihi kwa mdomo wangu.” Rosamel alizunguka mvuani kwa muda wa wiki mbili. Alikunywa chai hadi akawa haiwezi tena. Akasihi wenye mashua, wenye minyororo, wenye kamba, wapishi, na kila mwenye maksai kuanzia gatini hadi makaburini.

Siku yenyewe ilipofika, wakaja wote. Ndiyo maana alipokuwa amesimama pale ufukweni, nyumba imemgomea kwa mara ya tatu, hakuelewa kilichopungua. Aliwatazama maksai tena, jozi kwa jozi, kama mama anayehesabu watoto baada ya ibada. Hapo ndipo mkewe, Hermelinda Cárcamo, alipomfuata kutoka kwenye shimo la kupikia, mikono yake imejaa unga wa viazi.

“Kaka yangu yuko wapi?” aliuliza.

Rosamel alizungusha macho. Eleuterio Cárcamo, kaka yake Hermelinda, jirani yao wa uzio mmoja wa shamba, mwenye maksai wakubwa kuliko wote Llinquil, hakuwepo. Hakuwepo tangu asubuhi.

“Atakuwa njiani,” Rosamel alisema.

“Njiani kutoka wapi? Nyumba yake ile pale, nauona moshi wake.” Hermelinda akajifuta mikono kwenye aproni. “Ulimsihi?”

“Nilimwambia.”

“Sikuuliza kama ulimwambia.”

Rosamel aligeuka kuitazama ile nyumba yenye moshi. Ilikuwa kweli. Kwa Eleuterio hakwenda. Siku moja tu, akiwa anafunga waya wa uzio, alimwona shemeji yake akipita upande wa pili, akapaza sauti: Jumamosi ni ya Bi Baldramina, lete wale wako. Eleuterio akajibu, “Mm.”

“Mimi nikaichukua ile ‘mm’ kuwa ndiyo,” Rosamel anasema. “Miaka thelathini tunafanya kazi bega kwa bega. Tunakula pamoja kila Jumapili. Nani anakwenda kumvulia kofia mtu ambaye amemzoea hivyo?”

Hermelinda hakumpa nafasi ya kujitetea. “Panda,” alimwambia. “Na usimpelekee maneno ya njiani.”

Ikawa kwamba ufukwe mzima, na maksai wake, na mashua zake, na mjane kwenye kiti, walisimama wakimtazama kiongozi wao akipanda kilima peke yake. Waliojua sababu waliwanong'oneza wasiojua. Hakuna aliyecheka, kwa maana kila mmoja alijiona kwenye viatu vile. Bi Baldramina alipoambiwa, alifumba macho. “Na ndiye ningemwendea wa kwanza,” alisema. “Ee Mungu, nipe miguu siku moja tu.”

Nyumba ya Eleuterio iko juu, na dirisha la jikoni kwake linatazama ufukweni moja kwa moja. Rosamel aliingia uani akakuta jambo lililomvunja moyo kuliko lile la nyumba. Maksai wawili wa shemeji yake walikuwa wamesimama wakiwa wamekwisha kufungwa nira. Wamesuguliwa hadi wanang'aa. Mavi yaliyotapakaa chini yao yalionyesha kwamba wamesimama hivyo tangu alfajiri.

Maksai hao wana majina ambayo ni mzaha wa Eleuterio mwenyewe. Mmoja anaitwa Usiseme. Mwenzake anaitwa Nimesikia.

Ndani, Eleuterio, mwanamume mpana wa miaka sitini na tatu, alikuwa ameketi dirishani. Amenyoa ndevu. Amevaa sweta yake mpya ya sufu, ile ya harusi na misiba. Birika liko jikoni linatokota, na vikombe viwili viko mezani.

“Karibu, shemeji,” alisema. “Umepita tu, au kuna jambo?”

“Shemeji, unaiona ile nyumba.”

“Macho ninayo. Kaa.”

“Maji yanarudi.”

“Na chai inapoa. Kaa.”

Rosamel akakaa. Chai ilikuwa ya moto sana, naye akaipulizia, na kila akipuliza alikuwa akitupia jicho dirishani. Eleuterio alimuuliza kuhusu viazi. Rosamel akasema viazi ni vizuri. Eleuterio akamuuliza kuhusu mgongo. Rosamel akasema mgongo ni mbaya, kisha uvumilivu ukamwishia.

“Wewe ni ndugu,” alisema. “Nilidhani kwa ndugu hatuna haja ya hayo.”

Eleuterio aliweka kikombe chake chini. Rosamel anasema hajawahi kumsikia shemeji yake akizungumza maneno mengi kiasi kile kwa wakati mmoja.

“Kwa Lepío ulikwenda. Lepío ana maksai mmoja mzima na mwingine anayechechemea. Ukakaa, ukanywa, ukavua kofia. Kwa Mansilla ulikwenda, na wewe na Mansilla hamjasalimiana tangu ule ugomvi wa kisima. Ukavua kofia. Kwangu ulipiga kelele kwenye uzio kama mtu anayefukuza kuku. Mimi nilikaa nikasema, bado, atakuja kesho. Kesho ikafika, nikasema, ni mvua, atakuja Ijumaa. Ijumaa nilichemsha maji mara mbili, shemeji.”

“Mbona hukuniambia?”

“Nije nikusihi uje unisihi?”

Rosamel aliitazama meza. Baadaye alimwambia mwandishi kwamba aibu aliyoisikia haikuwa ya nyumba wala ya watu waliokuwa wakisubiri. Ilikuwa ya vile vikombe viwili. Alijua vimekuwa mezani siku zote hizo.

Eleuterio naye anasimulia upande wake bila kujificha. Aliiona kamba ikikatika. Alimwona Padri akipiga magoti. Mara mbili aliinuka, akafika mlangoni, akarudi. “Niliumia kuliko wote waliokuwa kule chini,” anasema. “Lakini nikishuka, nashuka kama nani? Hata maksai wangu wangeniuliza tumekuja kufanya nini.”

Rosamel aliweka kikombe. Akasimama. Akavua kofia yake ya sufu, akaishika kwa mikono miwili.

“Eleuterio Cárcamo,” alisema, “nimekuja kukusihi. Nakusihi kwa mdomo wa Bi Baldramina, ambaye miguu imemzuia kufika. Ni kazi ya kuvuta nyumba yake kutoka majini hadi kiwanjani. Siku ni ya leo, na saa ni ya sasa. Nakusihi wewe, na nakusihi maksai wako. Na mimi mwenyewe nakuomba radhi, shemeji, kwa kuwa nilichelewa kuja.”

Eleuterio alisimama pia, kama inavyotakiwa. Rosamel anaapa kwamba macho yake yalikuwa na maji, Eleuterio anasema ulikuwa moshi wa jiko.

“Nimesikia,” alijibu, “na nimekubali.”

Kisha akavaa kofia yake na kuanza kugomba. “Na wewe nawe, mambo ya haraka unakuja kukaa kunywa chai. Twende, mtu mzima hovyo. Nyumba ya watu inazama.”

Wakashuka. Usiseme na Nimesikia walishuka kilima kwa mwendo ambao maksai wa kawaida hawauwezi, na mashemeji hao wawili wakawa nyuma wanakokotana. Umati uliwapisha. Mtu fulani akaanza kupiga makofi, Hermelinda akamtazama, akaacha. Eleuterio alikwenda kwanza kwa Bi Baldramina, akavua kofia.

“Nimesihiwa, mama,” alimwambia.

“Najua, mwanangu,” alisema bibi. “Nilikuona ukishuka. Niletee nyumba yangu.”

Maji yalikuwa yamekwisha kugeuka. Yalianza kulamba magogo mawili marefu yaliyokuwa chini ya nyumba, yale ya kuburutia, na wimbi moja likaingia mlangoni likatoka na ufagio. Rosamel hakuharakisha. Aliwaweka Usiseme na Nimesikia karibu kabisa na nyumba, mahali pazito, na Kanali na Padri mbele yao. Akaagiza wanaume wapenyeze nguzo chini ya magogo, upande wa bahari, wanyanyue yeye atakapoinua mkono. Akapita kila jozi akiwagusa maksai paji la uso.

Akainua mkono.

“Haya, Usiseme,” Eleuterio akaita kutoka nyuma. “Haya, Nimesikia. Taratibu, baba. Taratibu. Sasa.”

Nyumba ilipiga kelele. Ndivyo watu wanavyosema, na mwandishi alikuwepo, akasikia. Misumari ilikwaruza, mbao zikalia, kitu fulani ndani kikaanguka na kubingirika, bila shaka sufuria. Pembe ya mbele ikapanda ukingo. Nyumba ikainama nyuma hadi watu wakashika vichwa, maana ilionekana itarudi majini na kuwaponda wanaume waliokuwa na nguzo. Mansilla, yule wa ugomvi wa kisima, alikuwa mmoja wao. Ikakaa hivyo, haipandi wala hairudi, huku maksai wote wakiwa wameng'ang'ania, mapovu midomoni.

“Pamoja,” Rosamel alisema. Hakupaza sauti. “Pamoja, wanangu. Mara moja tu.”

Ikapanda. Kwanza ikasogea kidogo, kisha zaidi, halafu magogo yakashika nyasi zilizolowa na nyumba ikateleza kwa urahisi ambao hakuna aliyeutegemea, ikawafuata maksai nyuma hadi ikabidi wakimbizwe wasikanyagwe nayo. Bomba la moshi likatoa masizi juu ya watu wa mbele. Hakuna aliyejali. Watu walikumbatiana na masizi yao, na wale waliokuwa wamenuniana walijikuta wamekumbatiana kabla hawajakumbuka.

Bi Baldramina alisimama peke yake kutoka kwenye kiti. Alikwenda akaweka kiganja ukutani, akakiacha pale muda mrefu, kisha akauliza kama kuna mtu amekwisha kuwasha jiko.

Rosamel hakuonekana kwa muda. Binti wa Bi Baldramina alimkuta nyuma ya nyumba, ameketi kwenye nyasi, kofia usoni. “Nilikuwa nasali,” anaeleza. “Nilimshukuru Mungu. Halafu nikamshukuru shemeji, ingawa yeye sikumwambia, angevimba kichwa.”

Jioni bamvua ilirudi na upepo wake. Mawimbi yalipiga kwenye ukingo ule ule, mahali nyumba ilipokuwa imegomea, yakarusha mawe hadi kwenye nyasi. Watu walikuwa wamekaa juu, shimo limefunuliwa, kombe na nyama ya nguruwe na viazi vinatoa mvuke chini ya majani mapana ya kufunikia. Waliyatazama mawimbi wakitafuna. Mara kwa mara mtu alitikisa kichwa na kupumua kwa nguvu, na jirani yake akapumua naye. Eleuterio alikaa mbele. Alikula sahani tatu, na kila aliyepita alimwonyesha kwamba amekaa mbele.

Hayo yalikuwa mwezi uliopita. Mwandishi alipomtembelea Rosamel nyumbani kwake wiki hii, alimkuta mezani akizungumzia mpango wake mwenyewe. Nyumba yake iko chini, kando kabisa ya bahari, na bahari imekuwa ikiumega ukingo kidogo kidogo. Majira ya baridi yaliyopita, povu liliingia hadi chini ya sakafu, na usiku walikuwa wakisikia kokoto zikitembea chini ya kitanda. Anataka kuihamishia juu, karibu na barabara, kiangazi kijacho.

“Safari hii mwenye shida ni mimi,” alisema. “Nitazunguka mwenyewe. Shemeji atakuwa wa kwanza. Nitamwendea hata kama ni kumuamsha.” Akaanza kuwataja wengine kwa vidole: Lepío, Mansilla, binti wa Bi Baldramina, wenye mashua ingawa mashua hazitahitajika, maana wakisahauliwa itakuwa balaa jingine.

Hermelinda alikuwa jikoni akikaanga mikate ya viazi, mgongo ukiwa kwetu, macho dirishani. Dirisha lile linatazama mlango wa bahari, na alasiri ile mvua ilikuwa ikipita juu ya maji kuelekea Pulao.

“Na mimi?” aliuliza.

“Wewe vipi?”

“Nani atawapikia watu wote hao? Na nani atakwenda kulala huko juu barabarani? Miaka mitano sasa nasikia mwaka huu tunahama, mwaka huu tunahama. Unaniambia ukiwa unavaa viatu. Mimi sikumbuki kukubali.”

Rosamel alimtazama mwandishi kutafuta msaada. Mwandishi alikuwa ameshughulika na kikombe chake. Kwa miaka mitano, Rosamel alieleza baadaye, aliamini kwamba mkewe ni mkaidi tu, na kila alipouleta mpango huo nyumba ikaingia ubaridi asiouelewa.

Alisimama polepole, kwa sababu ya mgongo. Akavua kofia.

“Hermelinda Cárcamo,” alisema, na sauti yake haikuwa ile ya ufukweni, “nimekuja kukusihi. Ni kazi ya kuhamisha nyumba, hii hii tuliyomo. Siku utaisema wewe. Nakusihi upike, kama utaweza. Na nakusihi uhame nami.”

Mafuta yalichemka kwenye kikaango. Hermelinda aliugeuza mkate, akauepua, akapunguza kuni. Kisha akafuta mikono, akageuka kumkabili mumewe, akiwa wima kama inavyotakiwa.

“Nimesikia,” alisema, “na nimekubali. Ila jiko langu litazame baharini.”

Rosamel, ambaye kwa miaka mitano alikuwa ameipanga nyumba ile itazame barabara, alisema sawa.